Imani Nyumbani na Shambani: Habari za Ruangwa na Nachingwea

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia kwa kawaida hujaa majina ya wachungaji, tarehe za kuwekwa mawe ya msingi na hesabu ya waliobatizwa. Hayo ni mema, nayo yamepewa nafasi katika kurasa nyingine. Mimi nimeombwa kuandika juu ya jambo lisiloingia katika daftari la usharika: imani ikae wapi siku za kazi, baina ya Jumapili moja na nyingine? Mfano wangu nimeutoa katika nchi ya Wamwera na jirani zao, Ruangwa na Nachingwea. Huko sisi Walutheri hatukuwa wa kwanza kufika, kwa hiyo twaweza kujifunza bila kujisifu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza, UMCA, aliwaweka Masasi watu waliokombolewa utumwani. Katika miaka ya 1890 Wabenediktini wa Ujerumani walijenga Lukuledi na Nyangao. Kisha ikaja Vita ya Maji Maji. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake akiwa safarini kutoka Kilwa, na kabla mwezi haujaisha Lukuledi na Nyangao zilikuwa majivu. Mwaka 1906 watawa walianza upya Ndanda. Oktoba 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapigano makali kupita yote ya nchi hii, na wanavijiji wakalipa kwa chakula chao na kwa mabega ya vijana wao waliochukuliwa upagazi.

Nyakati hizo wamisionari walifungwa au walifukuzwa. Imani ilibaki mikononi mwa walimu wa vijiji, watu waliolima mashamba yao wenyewe na kufundisha jioni. Sharika zetu za Kilutheri za Uzaramo, Usambara na Kilimanjaro zilipitia njia hiyohiyo wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa baada ya vita. Majengo yalikuwa yameungua au yamefungwa. Kilichobaki ni kile ambacho mtu aliweza kukisema kwa moyo, nyumbani mwake, bila kitabu.

Lakini jaribu kubwa la kusini halikuwa vita. Lilikuwa jando. Mkristo wa Kiyao, Kimakua au Kimwera alikuwa na mtoto wa kiume, na bila jando mtoto huyo hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, hakuoa kwa heshima, hakusikilizwa barazani. Akimpeleka, atakuta sadaka kwa mizimu. Asipompeleka, amemtenga na ukoo. Wazazi wengi walitatua jambo hili kwa siri: kanisani Jumapili, porini msimu wa jando. Hapo ndipo imani ilipokuwa imesukumwa pembeni, wala si kwa uasi, bali kwa upendo wa mtoto.

Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, pamoja na mapadri Waafrika, hakuchagua kupiga marufuku. Walilichukua jando, wakaondoa maombi kwa mizimu na nyimbo chafu, wakaweka sala na mafundisho ya Kikristo, padri akiwa pamoja na vijana. Wapo waliowalaumu kwamba wamebatiza upagani. Kwa maoni yangu swali lao lilikuwa sahihi hata pale jibu lilipopungua. Na lilipungua: unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa maana uliongozwa na wanawake wazee, na mapadri hawakuwa na sauti mbele yao. Ningependa kusoma habari hizo zilizoandikwa na mmoja wa wanawake wale.

Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 alimkabidhi baba wa nyumba kazi ya kuwafundisha watu wake Amri, Imani na Sala ya Bwana, na kuwaombea asubuhi na jioni. Ni mpango mzuri kwa nyumba ya Kijerumani. Kwa Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya wapwa zake. Mchungaji anayemfundisha baba peke yake, akamsahau mjomba na bibi, amefundisha nusu ya nyumba. Tena mara nyingi mjomba huyo ni Mwislamu, na katika matanga wote hula chungu kimoja. Sioni kosa hapo. Naona mahali pa kushuhudia kwa mwenendo.

Mwaka 1947 ulikuja mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza. Nachingwea palipata matrekta, reli kutoka pwani na vibarua wageni, miongoni mwao Wakristo waliokuja na nyimbo za makwao. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na baadaye reli ikang'olewa. Ardhi ikarudi kwa jembe la mkono, na katika miaka ya 1970 vijiji vikahamishwa tena.

Ruangwa ni wilaya tangu 1995, na shughuli kubwa ya watu ni korosho na ufuta. Likizo ya shule inapofika ngoma za jando na unyago husikika bado. Mzazi Mkristo huja kwa mwinjilisti wake jioni, akiketi mbali kidogo na taa, kuuliza lile lililoulizwa Masasi: mwanangu aende, au asiende? Na akienda, ni nani kati yenu atakayefuatana naye?