Bonde la Ufa Kutoka Angani

Picha hii ya setilaiti inaonyesha kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Ziwa Manyara hadi Ziwa Natron.

Ukingo. Mstari mrefu upande wa magharibi ni ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ardhi ilipokatika na upande wa mashariki ukadidimia. Kwenye ramani iliyo kando, mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, imebanana ukingoni kwa sababu mteremko ni mkali, kisha inaachana kwenye tambarare.

Duara. Hili ni Ngorongoro, kaldera yenye upana wa kilomita 19 hivi. Ilitokea kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita, kilele cha volkano kilipoporomoka.

Koni. Kusini mwa Ziwa Natron umesimama mlima Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai. Lava yake hutoka nyeusi, ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Ndiyo maana kilele huonekana kama kina theluji.

Vipimo. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za Dunia tangu 1972. Februari 2000, chombo cha angani Endeavour kilipima miinuko ya ardhi kwa rada. Hata hivyo, wanajiolojia bado hupanda milimani na nyundo mkononi, kwani rangi pekee haitoshi kuutambua mwamba.

Weka kidole Manyara, ufuate ukingo kuelekea kaskazini hadi Natron, kisha utafute volkano nyingine ulizopita njiani.