Kushusha pikapu

Kushusha pikapu ni kazi ya kubadilisha mfumo wa springi na shokapu wa gari dogo la mizigo ili bodi na chasisi yake zikae karibu zaidi na ardhi kuliko zilivyotoka kiwandani. Kazi hii hufanywa hasa Marekani kwa pikapu za zamani, na mojawapo ya zinazopendwa zaidi ni Chevrolet C10, iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1960. Wengine hutafuta sura tu. Wengine hutaka gari la kazi lenye umri wa nusu karne lipinde kona kwa utulivu kama gari dogo la abiria. Malengo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, lakini njia ya mkato ya kupata la kwanza mara nyingi huharibu la pili.

Asili

Desturi ya kushusha magari ilikua Kalifornia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Vijana walipakia mifuko ya mchanga au saruji nyuma ya gari, au walikata springi. Tangu mwaka 1958 sheria ya jimbo ilikataza gari kuwa na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa ringi zake. Mwaka 1959 Ron Aguirre aliifungia Corvette yake, iliyoitwa X-Sonic, mitambo ya haidroli, akaweza kuinua gari mara amwonapo polisi na kulishusha tena baada ya kupita. Katika miaka ya 1980 mtindo ulihamia kwa nguvu kwenye pikapu ndogo za Kijapani, na baadaye pikapu kubwa za zamani zikapata zamu yao.

Muundo wa C10

Herufi C ilionyesha gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, K gari la magurudumu yote manne, na namba 10 ilionyesha daraja la nusu tani. Matoleo ya 1960 hadi 1962 yalitumia mbele fito za chuma zinazojisokota badala ya springi. Kuanzia 1963 ziliwekwa springi za koili, yaani chuma kilichozungushwa, zikikaa kati ya mkono wa juu na mkono wa chini wa kila gurudumu.

Upande wa nyuma ndio uliozipa C10 za zamani umaarufu wake. Badala ya springi za bapa za kawaida, nyingi zilikuwa na springi za koili juu ya mikono miwili mirefu inayotoka katikati ya chasisi hadi kwenye ekseli. Fito moja ya kukingama, iitwayo fito ya Panhard, huzuia ekseli isiende kushoto au kulia. Muundo huo wa mikono mirefu uliigwa baadaye katika magari ya mashindano ya NASCAR. Kizazi cha 1973 hadi 1987 kilirudi kwenye springi za bapa nyuma.

Kwa nini kimo kina maana

Gari linapopinda kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito na upana kati ya magurudumu. Tuchukue kwa mfano pikapu ya kilo 1,700 yenye upana wa m 1.6, ikipinda kona kwa nguvu ya ubavuni iliyo sawa na nusu ya uzito wake. Kitovu cha uzito kikiwa m 0.70 juu ya ardhi, mzigo wa takriban kilo 372 huhama. Kikishushwa hadi m 0.60, huhama takriban kilo 319. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kushusha gari.

Kukata springi

Njia rahisi kuliko zote ni kukata mzunguko mmoja au miwili wa springi. Gari hushuka siku hiyohiyo. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikikatwa mmoja, ugumu wake hupanda kwa takriban asilimia 14, kwa sababu waya uleule sasa una urefu mdogo wa kujisokota. Wengi huona ugumu huo unatosha. Hautoshi.

Tatizo ni nafasi ya gurudumu kupanda kabla mkono haujagonga mpira wa kuzuia. Nishati ambayo springi humeza huongezeka kwa mraba wa umbali inaobanwa. Kama nafasi ilikuwa sm 8 na sasa ni sm 4, springi ingehitaji ugumu mara nne ili imeze pigo lilelile la shimo. Asilimia 14 haifiki hata karibu. Kinachobaki hupokewa na mpira, na mpira ukishabanwa, na chasisi; huko ndiko nyufa huanzia. Kupasha springi moto kwa gesi hadi ilegee ni kubaya zaidi, kwa sababu chuma hupoteza ugumu wake wa kiwandani na kinaweza kuendelea kushuka au kuvunjika.

Njia bora ya mbele

Wajenzi wazoefu huanza na spindeli ya kushushia. Spindeli ni kipande cha chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Katika spindeli ya kushushia, kigingi cha habu kimesogezwa juu, kwa kawaida takriban sm 6. Gurudumu hupanda ukilinganisha na bodi, lakini mikono na springi hubaki katika mkao wa kiwandani, kwa hiyo nafasi ya gurudumu kucheza haipungui. Ikihitajika kushuka zaidi, huongezwa springi fupi iliyotengenezwa kwa ugumu unaofaa, pamoja na shokapu fupi. Shokapu ndefu ya zamani ikiachwa, bastola yake hugonga mwisho na kuharibika mapema.

Baada ya hapo alaimenti ni lazima. Mikono ikibadilika pembe, magurudumu huinama kwa ndani juu na tairi hulika upande mmoja. Pembe za fito za usukani nazo zikiharibika, gari hujipindisha lenyewe kila linapopita tuta.

Nyuma

Pikapu tupu hukaa nyuma juu, ikisubiri mzigo, hivyo nyuma hushushwa zaidi kuliko mbele. Mchanganyiko wa kawaida ni takriban sm 10 mbele na sm 15 nyuma. Kwenye springi za koili huwekwa springi fupi. Kwenye springi za bapa ekseli huhamishwa kutoka chini ya springi hadi juu yake.

Hapo huzuka mambo matatu. Kwanza, ekseli hukaribia kugonga chasisi, kwa hiyo chasisi hukatwa pengo lenye umbo la nusu duara juu ya ekseli na kuimarishwa kwa bamba nene la chuma. Kukata bila kuimarisha ni kuikatia gari uti wa mgongo. Pili, kwenye C10 za koili fito ya Panhard hulala kwa pembe nyingine na kuvuta ekseli nzima upande mmoja; dawa ni fito inayorekebishwa urefu. Tatu, pembe ya difu hubadilika, na krosi za propela huanza kutetemeka zisiporekebishwa.

Breki na stabilaiza

C10 za kabla ya 1967 zilikuwa na mzunguko mmoja tu wa breki: bomba likipasuka mahali popote, breki zote za mguu hupotea. Breki za diski za mbele zilikuja kama kifaa cha kawaida mwaka 1971. Kwa kuwa spindeli nyingi za kushushia hutengenezwa kwa ajili ya diski, huo ndio wakati mwafaka wa kubadili vyote pamoja. Stabilaiza nene ya mbele hupunguza bodi kulala kwenye kona bila kulazimisha springi ngumu mno.

Mifuko ya hewa

Wengine huondoa springi na kuweka mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Gari hulala chini likiegeshwa na kuinuka kabla ya kuondoka. Ni ghali, na mfuko ukipasuka njiani kona hiyo huanguka ghafla. Kwa hiyo mpira wa kuzuia lazima uwekwe mahali ambapo tairi haitagusa bodi hata hewa ikiisha.

Mzigo

Pikapu iliyoshushwa si tena gari la nusu tani. Ukiipakia, ile nafasi ndogo iliyobaki nyuma huisha kabla ya safari kuanza. Mafundi wa Afrika Mashariki huwa na kazi ya kinyume: Toyota Hilux huletwa gereji kuongezewa jani la springi za bapa nyuma ili ibebe zaidi. Likiwa tupu, gari hilo nalo hurukaruka barabarani, kwa kuwa springi iliyokazwa kwa ajili ya mzigo haibonyei vya kutosha bila mzigo.