Joto la Imbo na Baridi ya Milimani

Mwalimu yeyote aliyewahi kuendesha mdahalo darasani anaijua mada hii: "Ni heri kuishi penye joto kuliko penye baridi." Wanafunzi hugawanyika upesi. Wa upande mmoja hudai kwamba mwenye kuona baridi hujifunika, bali mwenye kuona joto hawezi kuivua ngozi yake. Wa upande wa pili hujibu kwamba joto halidai kuni wala blanketi. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Burundi tumeusikiliza mdahalo huu mara nyingi, na tumeona kwamba mwishoni habari ya hewa huachwa, ikaingia habari ya watu: Imbo ni kwa Waswahili, milimani ni kwa Warundi. Hapo ndipo tunapoona inafaa historia iulizwe.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kando yake ndipo lilipo bonde la Imbo na mji wa Bujumbura. Kutoka hapo kwenda mashariki, barabara hupanda miteremko ya Mumirwa mpaka Mugamba, penye vilele vipitavyo mita 2,000, kisha hushuka hadi Kirimiro, ulipo mji wa Gitega, kwenye mita 1,500 hivi. Joto hupungua kwa digrii 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hiyo msafiri huondoka Bujumbura akijipepea, na kabla ya saa nyingi kupita hufika Bugarama akitafuta koti.

Katika zama za wafalme, Warundi wengi walikaa milimani. Huko palikuwa na ng'ombe, mtama, maharagwe na ndizi, na huko Muramvya yalikuwako makao ya kifalme. Imbo nako kulikuwa na wavuvi na wakulima, lakini mtu wa milimani alikushukia kwa hofu, kwani wengi walioshuka walirudi na homa, na wengine hawakurudi kabisa. Kwa upande wa ziwa walikuja wafanyabiashara kutoka Ujiji, na baadhi yao walinunua pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1880, watu wa Rumaliza walijaribu kupenya kwa nguvu, majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakawazuia. Basi Kiswahili kikakaa kando ya ziwa, na mpaka wa joto ukawa mpaka wa lugha. Si ajabu kwamba katika fikira za wazee wa milimani, joto, homa, biashara ya watu na lugha hii yetu vilifungwa katika furushi moja.

Lakini je, ni joto lililokuwa likiua? Wataalamu wa Ulaya nao walidhani kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabonde. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aligundua kwamba malaria huchukuliwa na mbu. Kimelea cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Penye baridi hukua polepole mno, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kuambukiza. Tena, mwanzoni mwa karne ya 20, kando ya ziwa palienea malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Wazee hawakukosea kuiogopa Imbo. Walichokosea ni jina la adui.

Watawala nao hawakuafikiana. Wajerumani walijenga boma Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kisha mwaka 1912 wakahamishia makao ya utawala Gitega, katikati ya nchi na penye hewa ya baridi. Wabelgiji walioiteka nchi mwaka 1916 walirudi Usumbura, ingawa joto lilikuwa lile lile. Sababu haikuwa hewa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na mzigo uliovuka ziwa ulihitaji bandari. Pakakua mji, na ndani yake mitaa kama Buyenzi, ambako watu wa asili mbalimbali walisikilizana kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa milimani walipewa mashamba Imbo ili walime pamba. Na mwaka 2019 Gitega ukafanywa mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ukabaki kuwa mji wa biashara.

Hata kinga ya baridi ilikuwa na bei yake. Mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001, malaria ilipanda milimani ikawapata watu zaidi ya milioni 2. Mtu wa Imbo aumwaye na mbu tangu utotoni, akinusurika, mwili wake hujifunza kupambana; mwili wa mtu wa milimani haukuwa umejifunza. Baridi iliyowalinda babu zao ndiyo iliyowaacha wajukuu bila silaha.

Lugha yetu yenyewe imeegemea upande mmoja. Neno burudani lina asili moja na neno baridi: kwa watu wa pwani, waliozoea hari na fukuto, kupozwa ndiko kustarehe. Lau Kiswahili kingalizaliwa Mugamba, huenda starehe ingaliitwa kwa jina la moto wa jikoni.

Tumewaona walimu wenzetu wazaliwa wa Buyenzi wakinung'unika walipopelekwa kufundisha Mugamba, na wazaliwa wa Mugamba wakinung'unika walipopelekwa Imbo. Baada ya miaka michache, wote waliomba wasihamishwe. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani yake hujui hila yake.

Basi, walimu wenzetu, mdahalo huu ukizuka tena darasani, tusiwaache wanafunzi waishie kwenye furushi lile la zamani. Tulifungue mbele yao: homa ni ya mbu, utumwa ni wa wale walioufanya, joto ni la bonde, na lugha ni ya kila anayejifunza. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mtoto wa Mugamba anakihitaji Kiswahili sawa na mtoto wa Buyenzi, naye akitamke hata akiwa amejifunika blanketi.