Jua, Radi na Simu ya Mama

Makala ya historia. Msomaji mmoja. Muziki wa kufungulia sekunde 15, kisha unashuka.

MTANGAZAJI: Leo nawaletea historia ya vitu vinavyotoka juu na kuja kugusa nyaya zetu: jua, bomu na radi. Nitaanza na mama yangu.

Ilikuwa Mei 2024. Mimi nilikuwa hapa Kampala kazini, mama yuko Nakivale, mahali nilipokulia. Sauti zilikuwa zinapitishwa kwenye simu, kutoka kundi moja hadi jingine: jua limelipuka, mwali wake unakuja, kila simu iliyowashwa itaungua. Mama alizima simu yake, akatoa betri, akafunga vyote kwenye kitenge na kuviweka ndani ya sufuria. Akafunika na kuweka jiwe juu. Siku tatu. Katika siku hizo mjomba wangu alipiga kutoka Bukavu asubuhi na jioni, kumwambia kwamba dada yao amelazwa hospitalini. Hakumpata. Alinipata mimi, nami sikuwa na njia ya kumfikia mama ila kumtuma jirani.

Shangazi alipona, tunashukuru. Lakini nilijiuliza: je, mama alikosea? Au jua kweli linaweza kuunguza simu? Nilianza kusoma, na niliyoyasoma ndiyo haya.

Muziki mfupi.

MTANGAZAJI: Turudi nyuma hadi tarehe 1 Septemba 1859. Huko Uingereza, mtu mmoja aitwaye Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua kama alivyozoea, akaona mwanga mkali ukitokea juu ya madoa hayo, kisha ukapotea. Saa 17 hivi baadaye, usiku wa mbali uliwaka rangi nyekundu na kijani hadi visiwa vya Karibi. Telegrafu, ile simu ya zamani ya kupeleka maneno kwa alama kupitia waya, ikachanganyikiwa Ulaya na Marekani. Wafanyakazi wengine walipigwa shoti. Kati ya miji ya Boston na Portland, walikata betri zao na bado wakaendelea kupelekeana ujumbe, kwa umeme uliotoka angani peke yake.

Hapa kwetu mwaka huo Buganda ilikuwa chini ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Dhoruba ileile ilipita juu ya vilima hivi vya Kampala. Iliharibu nini? Hakuna. Haikuwepo hata waya mmoja wa kuharibiwa.

Shikeni neno hilo, wasikilizaji: waya. Mnajua dinamo ya baiskeli. Sumaku inazunguka karibu na waya, na taa inawaka bila betri. Dhoruba ya jua inafanya kazi kwa njia hiyo. Jua hutupa wingu kubwa la chembe zenye umeme. Wingu hilo likifika, hutikisa nguvu ya sumaku ya dunia, ileile inayoelekeza dira. Sumaku ikitikisika, umeme unasukumwa ndani ya nyaya. Lakini lazima waya uwe mrefu sana, wa kilomita nyingi. Nyaya zilizo ndani ya simu hazifiki hata urefu wa kidole. Jua halina pa kushika.

Basi historia ya hatari hii ni historia ya nyaya kurefuka, na sisi tumo. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden. Mwaka 1954, tarehe 29 Aprili, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Kutoka pale nyaya zilivuta umeme hadi Kampala, na baadaye zikavuka mpaka kuingia Kenya. Taa unayoiona Kampala usiku iko mwisho wa waya mrefu.

Muziki mfupi.

MTANGAZAJI: Mwaka 1962 binadamu naye akajifanya jua. Tarehe 9 Julai, miezi mitatu kamili kabla ya Uganda kupata uhuru, Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki. Mji wa Honolulu ulikuwa mbali kiasi cha kilomita 1,400. Hata hivyo taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika, na kengele za wezi zikalia zenyewe. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Wasovieti walijaribu lao juu ya Kazakhstan, na nyaya ndefu za simu na za umeme zikaharibika. Wataalamu huita jambo hili mpigo wa sumaku-umeme. Mwaka 1963 mataifa hayo, pamoja na Uingereza, yalitia saini mkataba wa kuacha kulipua mabomu ya majaribio angani.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Mpigo wa bomu una sehemu ya haraka sana, inayoweza kuingia hata katika vyombo vidogo. Dhoruba ya jua haina sehemu hiyo. Zile sauti za mwaka 2024 zilichukua habari ya bomu zikaivisha jua.

Jua lenyewe lilionyesha kazi yake tarehe 13 Machi 1989 huko Quebec, Kanada. Katika muda wa sekunde 90 hivi mtandao wa umeme wa jimbo zima ulianguka. Watu milioni 6 walikaa gizani saa 9. Redio zao za mkononi hazikuungua, wala magari yao. Kilichozidiwa ni nyaya ndefu na mitambo iliyofungwa kwenye nyaya hizo. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, wataalamu wa Afrika Kusini walikuta transfoma kadhaa kubwa za nchi hiyo zimeharibika, wakazihusisha na dhoruba hizo. Sisi tuko kwenye ikweta, mbali na ncha za dunia, na mtikisiko huo kwetu kwa kawaida ni mdogo zaidi.

Kuna mambo mawili tunayoweza kuyaona hata hapa. Jua likiwaka ghafla mchana, redio ya masafa mafupi inaweza kunyamaza kwa dakika kadhaa au hata saa nzima, kisha inarudi. Wazee wanaosikiliza habari za nyumbani kwa masafa mafupi, msiipige redio kofi, haijaharibika. La pili, ramani ya simu inaweza kukosea mahali ulipo. Dereva wa boda boda anaweza kuambiwa mteja yuko ng'ambo ya barabara.

Sasa ile Mei 2024. Dhoruba ilikuja kweli, usiku wa tarehe 10 kuamkia 11, kubwa kuliko zote tangu 2003. Ulaya na Marekani watu walitoka nje kutazama mbingu zenye rangi. Tarehe 12 Mei intaneti ikadhoofika Uganda, Kenya na Tanzania, na wengi tulisema: lile jua hilo. Halikuwa jua. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mambo mawili yalifuatana, tukayafunga kamba moja.

Muziki unashuka polepole. Kimya sekunde 3.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wapenzi, wakati tunaogopa jua, kitu kingine kilikuwa kinatuua.

Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, wilaya ileile yenye makazi ya wakimbizi. Wanafunzi 18 walikufa. Baadaye mtandao wa wataalamu wa radi wenye makao hapa Kampala, ACLENet, ulifunga vikinga radi shuleni hapo: vyuma juu ya paa, waya mnene unaoshuka ukutani, na vyuma vingine vilivyozikwa ardhini. Radi ikipiga, inapewa njia yake ya kwenda chini, haipiti kwa watoto.

Tarehe 2 Novemba 2024, jioni ya Jumamosi, radi ilipiga makazi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, mahali watu walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Watu 14 walikufa na 34 walijeruhiwa. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Walikimbia vita, wakafika mahali pa amani, na mauti yakawakuta chini ya wingu la mvua. Nawaomba tunyamaze kidogo kwa ajili yao.

Kimya sekunde 10.

MTANGAZAJI: Radi si kama dhoruba ya jua. Haihitaji waya wa kilomita nyingi. Inapita kwenye mti, kwenye mti wa hema, kwenye waya wa paneli ya sola uliotoka juu ya paa hadi kwenye chaja yako. Hata ikipiga mbali, inasukuma umeme katika nyaya za jirani. Mvua za Oktoba zilizofuata, mama alikuwa amechomeka simu kwenye sola ya jirani yake. Radi ilipiga mti ulio nyuma ya nyumba. Simu ileile iliyookolewa na sufuria mwezi Mei ikaungua kwenye chaja. Hakuna aliyeumia. Lakini namba zote za ndugu zilikuwa humo ndani, na nyingine mpaka leo hatujazipata.

Kwa hiyo tufanye nini?

Kwanza, chomoa mapema. Wingu jeusi likionekana, toa simu kwenye chaja, tenganisha waya wa paneli na betri. Ngurumo zikishaanza, umechelewa: usiguse waya wowote, acha kitu kiungue. Simu hununuliwa.

Pili, kwa ninyi mnaotumia umeme wa mjini: umeme ukikatika, chomoa runinga na friji. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa sababu mara nyingi unarudi kwa kishindo.

Tatu, ukisikia ngurumo, ingia kwenye jengo kubwa lenye nyaya na mabomba, au ndani ya gari la bati lenye paa, madirisha yakiwa yamefungwa. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba cha waya na kuonyesha kwamba umeme hupita nje ya chuma, ndani pakabaki salama. Gari hufanya hivyo, hata teksi ya abiria. Boda boda haifanyi hivyo. Hema, kibanda cha turubai, baraza na kivuli cha mti havimkingi mtu. Kaeni ndani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Nne, mtu akipigwa na radi, mguse. Hana umeme mwilini. Kama hapumui, bonyeza kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, mfululizo, huku mwingine akiita msaada. Wengine huachwa wafe kwa sababu watu wanaogopa kuwashika.

Tano, na hili linahusu jua, bomu, radi na hata nyaya za baharini zikikatika: andika namba zako kwenye karatasi. Namba ya mama, ya mjomba, ya mtoto aliyebaki Uvira au Juba. Funga karatasi hiyo kwenye nailoni, iweke pamoja na kadi yako ya ukimbizi. Weka na shilingi kidogo za mkononi, maana mtandao ukianguka, pesa za simu hazitoki. Jua halitachoma simu yako, lakini siku moja linaweza kuzima mnara unaoitegemea.

Mama sasa ana daftari la shule, la kurasa 48. Ameandika namba 31 kwa kalamu ya buluu. Siku ya kwanza kuliandika alinipigia kwa simu ya jirani, akanisomea namba yangu mwenyewe, tarakimu moja baada ya nyingine, ili ahakikishe hajakosea.



Muziki wa kufungia.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Wingu jeusi likitanda sasa hivi, watoto wa mtaa wako watakimbilia wapi?
2. Ni habari gani ya simu uliwahi kuiamini, ukaja kujua si kweli? Ilikugharimu nini?
3. Simu yako ikifa leo, unajua kwa kichwa namba za ndugu wangapi?