UZI: Kwani pesa za msaada zinamzuia mkulima kuuza ng'ombe?

1/ Msimu wa bajeti ukifika, utasikia mawili. Huyu: "Pesa za bure zinaleta uvivu." Yule: "Watu wa Tana River wana mali, ni vile tu hawataki kuuza ng'ombe." Mimi ni wa Garsen, nasoma siasa chuoni. Tuangalie historia.

2/ Hoja ya "hawataki kuuza" ni ya mkoloni. 1938 serikali iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe, ati ni wengi kuliko malisho. Maelfu wakatembea hadi Nairobi kumwona Gavana, na mpango ukasitishwa.

3/ Ukweli ni kwamba watu huuza. Swali ni lini. Ukame wa 2011 nyanya yangu, mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe wachache, alipeleka mmoja mnadani akiwa mifupa mitupu. Siku hiyo kila mtu alikuwa anauza. Bei ya ng'ombe chini, bei ya unga juu. Ng'ombe mzima akaisha kwa magunia machache.

4/ Sasa msaada. 2004 serikali ilianza majaribio ya kulipa familia zinazolea yatima Kwale, Garissa na Nairobi. 2009 ukaja mpango wa kupambana na njaa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na awamu ya tatu ikaongeza Tana River. Malipo yalifika 5,400 kila miezi miwili.

5/ 5,400 haiwezi kununua hata ndama wa maana. Kazi yake ni nyingine: inalipa unga na deni la duka, ili mtamba abaki zizini mpaka mvua inyeshe. Akizaa, kuna maziwa. Ukiuza baadaye, unauza ng'ombe mwenye nyama, kwa bei unayoweza kubishania.

6/ Lakini hiyo inafanya kazi pesa ikija kwa wakati. Ikichelewa miezi mitatu, mwenye duka hangoji, na karo haingoji. Ng'ombe anaenda mnadani vilevile. Halafu pesa zikiingia kwa mpigo, mtamba ashaenda.

7/ Kwa hivyo mtu akikuahidi jukwaani kuongeza kiasi, mshangilie ukitaka. Kisha muulize: itaingia tarehe ngapi? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema usalama wa kijamii ni haki. Na haki isiyo na tarehe, Garsen tunailipa kwa ng'ombe.

Mnaonaje? Kwenu watu huuza lini?