Hiyo Trela ya Choma Unayoitamani Ilizaliwa Jua Kali

Wiki iliyopita beshte yangu alinitumia video ya Texas. Pikapu inavuta trela, juu yake kuna tangi refu jeusi, dohani inafuka moshi, na ndani kuna nyama ya kulisha harusi nzima. Akaandika, "Wazungu wako mbali, bana."

Huyu ni msee anayetaka kuanza biashara ya kupika kwa sherehe. Siku mbili kabla ya hiyo video tulikuwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, tukiuliza bei ya mashine kama hiyo hiyo. Fundi alipotaja bei, beshte alicheka. "Buda, si hicho ni chuma tu?"

Tulia basi nikupe stori ya hiyo trela, ujue alikuwa anamcheka nani.

Mwanzo hakukuwa na chuma. Kusini mwa Marekani watu walichimba handaki, wakachoma kuni mpaka zikawa makaa, wakalaza mnyama mzima juu ya fito na kumgeuza usiku kucha. Wanasiasa walitumia hiyo nyama kuvuta umati. Lakini waliochimba na kukesha na moto, wakijua nyama imeiva bila kipimajoto, mara nyingi walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Habari ya uhuru ilipofika Galveston, Texas, tarehe 19 Juni 1865, siku hiyo ikawa sikukuu, na mpaka leo watu huisherehekea kwa choma. Mwaka 1908 mtu Mweusi anayeitwa Henry Perry alikuwa anauza nyama ya moshi kichochoroni Kansas City, ameifunga kwa gazeti. Leo mji huo unajulikana duniani kwa choma, na yeye ndiye anaitwa baba yake.

Shida ya handaki ni moja: haliendi harusini. Ukialikwa kwingine, unachimba lingine.

Hapo ndipo mafuta yanaingia. Mwaka 1901 kisima cha Spindletop kilifoka mafuta karibu na Beaumont, na Texas ikajaa mabomba, matangi na, baadaye, mafundi wa kuchomelea. Bomba la mafuta ni chuma kinene, na kipande kikibaki fundi anakibeba nyumbani. Anakikata mlango, anaweka bawaba, anachomelea kisanduku cha moto upande mmoja na dohani upande wa pili. Moto haugusi nyama. Dohani inavuta joto na moshi upite juu ya nyama polepole, kwenye nyuzi kama 110 hadi 130 za Selsiasi. Kidari cha ng'ombe kinaweza kukaa humo saa 12. Chuma chembamba kingepoteza joto kila upepo ukivuma, lakini kile kinene kinalishika. Weka ekseli na magurudumu chini, na sasa jiko ndilo linawafuata wageni.

Kisha mashindano yakaanza, Houston mwaka 1974 na Memphis mwaka 1978, na kila timu ikahitaji jiko la kusafiri nalo. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaanguka zaidi ya nusu. Mafundi wengi wakakosa kazi visimani, na baadhi yao wakageuza hayo majiko kuwa kazi ya kuwalisha.

Kwa hivyo ile mashine ya kwenye video ni chuma chakavu na akili ya watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Maze, hiyo ni jua kali! Ni ile ile ya mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga vyuma juani, mpaka Rais Moi akawatembelea mwaka 1985 na serikali ikaahidi kuwajengea vibanda.

Na ukisema "ni chuma tu," unasahau unalipia nini. Mtungi wa gesi uliotumika si mtupu hata ukionekana mtupu. Fundi asipoutoa gesi yote vizuri, kwa mfano kwa kuujaza maji, kabla ya kuukata, unaweza kumlipukia. Bati lililopakwa zinki likipata moto mkali linatoa moshi wa sumu, kwa hivyo anajua chuma gani kisikae karibu na chakula chako. Kisanduku cha moto ni kizito, na akikosea mahali pa ekseli, trela inayumba barabarani ikiwa na nyama ya watu. Hayo yote yako ndani ya ile bei.

Nilimtumia beshte hii stori yote kwa voisi. Akanyamaza siku nzima, halafu akauliza kama yule fundi hufungua Jumamosi. Tunarudi. Bei bado hajaikubali, lakini safari hii amesema hatacheka.