Nyumba Zilizobaki Bila Mwenyewe

Huku Maniema, watu wa Kailo, Kalima na Punia wanajua vema namna mji unavyozaliwa na kazi, na namna unavyodhoofika kazi ikikoma. Kompani za kasiteriti zilijenga kambi za wafanyakazi, zahanati na mashule. Mwaka 1976 kompani kadhaa ziliunganishwa kuwa moja, ndiyo SOMINKI. Lakini mwezi wa Oktoba 1985 baraza la mataifa lililolinda bei ya bati liliishiwa fedha, na biashara ya bati katika soko la London ikasimamishwa. Bei ikaanguka. SOMINKI ikazidi kudhoofika, hata mwaka 1997 SAKIMA ikaundwa kushika mahali pake.

Mshahara ukikoma, nyumba nayo hukosa mtunzaji. Mvua huingia, mbao huoza, ukuta hupasuka. Basi yafaa tujiulize: nyumba iliyoachwa ni mzigo wa nani?

Tusidhani swali hili ni la nchi maskini tu. Tutazame Detroit, mji wa Marekani uliojulikana duniani kote kwa viwanda vya motokaa. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 1,849,568. Kisha viwanda vikahamia kwingine au vikafungwa, na wenye uwezo, Wazungu hasa, wakahamia vitongoji vya nje. Mwaka 2010 walibaki 713,777 tu. Watu waliondoka, lakini nyumba hazina miguu.

Wengine hawakuondoka kwa hiari. Walioshindwa kulipa deni la benki walinyang'anywa nyumba, hasa wakati wa msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Wengine walinyang'anywa na serikali yenyewe: kwa sheria ya Michigan ya mwaka 1999, nyumba isiyolipiwa kodi ya serikali kwa miaka mitatu huchukuliwa na kuuzwa kwa mnada. Tena kodi yenyewe haikuwa ya haki. Gazeti la Detroit News lilikadiria mwaka 2020 kwamba, tangu 2010 hata 2016, wenye nyumba walitozwa kupita kiasi dola milioni 600 au zaidi. Nyumba nyingi ziliuzwa katika mnada ulioanzia dola 500, zikabaki tupu.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa fedha kwa majimbo yaliyoumia zaidi, ili kuwasaidia wenye nyumba wasifukuzwe. Lakini mwaka 2013 Michigan iliruhusiwa kutumia dola milioni 100 za fedha hizo kwa kubomoa nyumba katika miji mitano, Detroit ukiwamo. Mwaka 2014 tume ilihesabu Detroit majengo 40,077 ya kubomolewa. Kazi si nyepesi: kukata maji na gesi, kuondoa asbestosi yenye sumu, kubomoa, kisha kufukia shimo kwa udongo safi. Nyumba moja ilikula dola 10,000 na zaidi. Penye fedha nyingi, majaribu nayo ni mengi: mwaka 2019 watu wawili wa kazi hiyo walikiri mahakamani kwamba walipokea rushwa. Hata hivyo, mwaka 2020 wapiga kura walikubali mji ukope dola milioni 250 zaidi kwa ajili ya nyumba hizo.

Tusihukumu haraka. Mama anayelala karibu na nyumba tupu huogopa moto na wezi. Siku inapobomolewa hushukuru. Lakini tazama hesabu: fedha zilizotolewa ili mtu abaki nyumbani mwake zilitumika kubomoa nyumba baada ya mtu kuondoka. Jamaa nyingi zingaliweza kubaki kwa kusamehewa kodi ambayo haikuwa haki tangu mwanzo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Detroit haukuziba ufa, na ukuta haukujengwa, ulilipiwa ubomolewe.

Kwetu hakuna hazina ya kulipia ubomoaji wa namna hiyo. Kwa hiyo sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuuliza mapema. Kompani inapojenga kambi, wazee na wakuu wa serikali waulize wakati mshahara ungali unalipwa: kazi ikiisha, nyumba hizi zitakuwa mali ya nani? Hati itaandikwa kwa jina la nani? Nani atatengeneza paa? Maswali haya ni rahisi siku ya kujenga. Siku ya kuondoka, wa kuyajibu huwa amekwisha safiri.